Mnaotunza kanda, CD na DVD za zamani, mnachaguaje zipi zibaki?

Mtunza_Kanda

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali kwa mnaotunza muziki na muvi za kushika mkononi, kanda, CD, DVD, santuri, mikanda ya VHS, maana mi ninavyo vya kutosha na nafasi ndani imekwisha, sasa lazima vingine viondoke na sijui nianzie wapi kuchagua.

Kila anayeingia ananiuliza swali lile lile, makorokoro yote haya ya nini na kila kitu kiko kwenye simu. Sina ugomvi na simu. Nastrimu kila siku, na kwa kumjua msanii mpya hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Ila nimeona kitu kwangu mwenyewe, nikistrimu narukaruka, wimbo ukichelewa kuchanganya naupitisha, jioni ukiniuliza nimesikiliza nini sikumbuki vizuri. Kwenye kanda kuruka ilikuwa kazi, unapeleka mbele unapitiliza, unarudisha unapitiliza tena, kwa hiyo unauacha wimbo uimbe tu, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuzipenda nyimbo ambazo mwanzoni sikuzijali kabisa, zile za katikati ya upande B ambazo redioni hazipigwi. Mpaka leo nikisikia wimbo fulani unaisha mahali, kichwani ule unaofuata kwenye kanda unaanza wenyewe, hata kama mtangazaji kaweka kitu kingine. Mpangilio wa albamu kuna mtu aliukalia akaufikiria. Santuri inabeba kama dakika ishirini na kidogo kila upande, kwa hiyo aliyepanga alikuwa na mwanzo mara mbili na mwisho mara mbili, na wimbo wa kufungulia upande B ulikuwa na cheo chake. Kwenye orodha ya simu hilo halionekani.

Kingine, vitu vinaondoka kimyakimya. Nina orodha niliyoijenga muda mrefu, nikiifungua naona nyimbo zimegeuka kijivu, hazibonyezeki. Sizoni niliyotaka kuirudia haipo tena, mkataba wa haki umeisha basi, na hakuna aliyeniambia. Albamu nyingine ipo lakini siyo ile, wameweka toleo lililosafishwa upya, sauti zote zimepandishwa, aliyeizoea ya kwanza anasikia tofauti hapo hapo.

Sasa naomba mnisaidie, mnatumia kigezo gani? Bei? Ugumu wa kupatikana? Mapenzi tu? Na nina kanda nilizorekodi mwenyewe toka redioni, kelele kibao, mtangazaji anaongea juu ya wimbo, hizo ndo watu wananiambia nitupe kwanza kabisa. Ni kweli?

---

Sindano33

Hapana mkuu, hizo ndo za mwisho kutupwa, yaani kama nyumba inaungua ndo unatoka nazo.

Mi kigezo changu ni kimoja, je hiki kitu kikipotea kinapatikana tena? Bei haina habari, umaarufu hauna habari. CD ya albamu iliyouza duniani kote iko kwenye mamilioni ya nyumba, ukiigawa leo ukaijutia kesho utaipata nyingine. Kanda uliyorekodi mwenyewe iko moja, na uwezekano mkubwa kituo chenyewe hakina nakala, maana vituo vingi vilikuwa vinafuta tepu ili virekodie tena. Tepu ilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kuna siku watu watataka kipindi cha jumanne ya kawaida.

Mfano mkubwa wa hili ni Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC, Uingereza. Vipindi vingi vya miaka ya 1960 vilifutwa au kutupwa na BBC wenyewe. Vilivyorudi vimerudi kwa mlango wa nyuma, kwa watu binafsi na kwa vituo vya nje vilivyouziwa nakala za filamu, mwaka 2013 walitangaza vipindi tisa vilivyopatikana Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos. Lakini sehemu inayonigusa mimi ni hii: vile ambavyo picha yake haijapatikana mpaka leo, sauti yake ipo, yote. Ipo kwa sababu watoto na vijana wa wakati ule waliweka tepu rekoda mbele ya spika ya TV sebuleni wakarekodi kwa kupenda kwao tu. Kelele za sebule zimo. Wangetupa kwa sababu ya kelele leo hakuna kitu.

Halafu kuna yule mama wa Philadelphia, Marion Stokes, alirekodi televisheni usiku na mchana tangu miaka ya 1970 mpaka alipofariki 2012, taarifa za habari, matangazo ya biashara, kila kitu, akaacha mikanda kama 70,000. Majirani wangesema makorokoro. Mikanda ile ilichukuliwa na Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, na ndani yake kuna matangazo ambayo vituo vyenyewe huenda havina.

Na hata pale kipindi kinapotolewa upya rasmi, angalia vizuri unachouziwa. Ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, WKRP in Cincinnati, hadithi yake iko ndani ya kituo cha redio, kwa hiyo muziki ndo roho yake. Haki za nyimbo zilikatwa za muda, na ilipokuja kurudiwa na kutolewa kwenye DVD nyimbo nyingi zikabadilishwa, zikawekwa nyingine za kujazia. Aliyerekodi kwenye mkanda wakati inarushwa mara ya kwanza ndo mwenye kitu chenyewe.

Kwa hiyo panga mafungu: ulichorekodi mwenyewe, kisha vile vilivyotoka kwa nakala chache, kisha vyenye ziada ambayo simu haina. Vinavyobaki gawa kwa anayevitaka.

---

DadaMuvi

Nakubaliana na Sindano33 karibu kote, ila hapo kwenye kugawa zile maarufu napinga, tena sana.

Albamu "ile ile" mara nyingi siyo ile ile. CD za mwanzo mwanzo, tangu 1982 kuja mpaka katikati ya miaka ya 90, nyingi zina pumzi, sehemu ya sauti ndogo ni ndogo kweli na ngoma ikiingia inakushtua. Baadaye makampuni yakaingia mashindano ya nani anasikika kwa nguvu zaidi, matoleo mapya yakabanwa mpaka kila kitu kiko juu muda wote, sikio linachoka bila kujua limechoshwa na nini. Huko kwenye kustrimu mara nyingi unakuta hilo toleo jipya tu, la zamani wameliondoa. Muuliza swali amelisikia hilo mwenyewe, kaandika hapo juu. Kwa hiyo kaka kabla hujagawa CD eti kwa sababu ipo kwenye simu, weka zote mbili usikilize, moja baada ya nyingine, kwa sauti iliyolingana maana iliyo juu kidogo siku zote inadanganya kuwa ni nzuri.

Kuna pia nyimbo za kujificha. Zile zinazokuja baada ya ukimya mrefu mwisho wa CD, na nyingine ziliwekwa kabla ya wimbo wa kwanza, unaanzisha namba moja halafu unarudisha nyuma ndo unazikuta. Hizo za kabla ya wimbo wa kwanza, hata kompyuta nyingi ukihamisha CD kawaida haizioni.

Na upande wangu wa muvi: mi nanunua DVD kwa ajili ya muongozaji kuongea juu ya muvi yake. Mambo haya yalianzia kwenye laserdisc, zile diski kubwa za muvi zilizotangulia DVD, kampuni ya Criterion walitoa King Kong ya 1933 kwenye laserdisc mwaka 1984 ikiwa na sauti ya pili ya mtaalamu anayeelezea muvi inavyokwenda, na DVD ikaja ikalifanya jambo la kawaida. Nimejifunza muvi zinavyotengenezwa kwa njia hiyo kuliko mahali pengine popote, mtu anakuambia tukio hili lilipigwa kwa taa moja maana jua lilishazama, anakuambia huyu mwigizaji alisahau maneno akatunga hapo hapo na ndo tukayaacha. Ukistrimu unaipata muvi, yale mazungumzo mara nyingi huyapati.

Msisahau pia kwamba "kununua" kwenye akaunti ni kukodi ruhusa. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kulipia, kwa sababu ya mgogoro wa haki, wakawarudishia hela na baadaye wakaomba radhi. Hela ilirudi, lakini kitabu kilitoka kwenye kifaa cha mtu bila kuulizwa. DVD iliyoko kabatini hakuna anayeweza kuifikia.

---

FundiDeki

Niongezee ya kiufundi maana uzi unakwenda vizuri.

Diski za kuchoma mwenyewe, CD-R na DVD-R, zishughulikie mapema. Hizo data inakaa kwenye rangi ya kemikali, jua na joto vinaila. Zile za kiwandani zimegongwa mashimo kwenye plastiki yenyewe, zinadumu zaidi, hatari yake ni ile karatasi ya alumini kupata kutu. Inua CD kwenye mwanga, ukiona vitobo vidogo vidogo vinapitisha mwanga hiyo imeanza kuondoka, ihamishe haraka.

Watu wanaogopa mikwaruzo upande unaong'aa, lakini kwenye CD upande dhaifu ni wa juu, wenye maandishi, alumini iko hapo chini ya vanishi nyembamba tu. Chini kuna plastiki zaidi ya milimita moja, mkwaruzo unaweza kusuguliwa ukatoka. Juu ukikwaruza data imekwenda. DVD ni tofauti, ni plastiki mbili zimegandishwa na data iko katikati, kwa hiyo usiikunje wakati wa kuichomoa kwenye kasha.

Kanda: ukiona unga mweupe juu ya tepu ni ukungu, usiiweke kwenye deki mpaka isafishwe maana itachafua deki na kanda zote zinazofuata. Na C120, yaani kanda za dakika 120, zishike kwa adabu, tepu yake ni nyembamba kuliko C60 na C90, inavutika na kutafunwa kirahisi.

---

Mtunza_Kanda

Asanteni sana wakuu, nimewasoma wote mara mbili. DadaMuvi nimefanya hilo jaribio kwa albamu moja ninayoijua vizuri na uko sahihi kabisa, kuna sehemu ya mpiga besi ambayo kwenye simu imezama na kwenye CD inatembea peke yake wazi kabisa. Hiyo haiondoki.

FundiDeki naomba unipe njia ya kuhamisha kanda za redio. Deki ninayo, kompyuta ninayo. Na je zile kelele nizisafishe?

---

FundiDeki

Kwanza vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni mwa kanda kama bado vipo, ili hata ukibonyeza kurekodi kwa bahati mbaya isifute. Safisha kichwa cha deki na roli ya mpira kwa pamba yenye spiriti, ule ukahawia utakaotoka ni tepu za zamani zilizoacha mabaki. Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la deki uingie kwenye kompyuta, ukikosa tundu la kuingizia tumia kale kakifaa ka USB. Programu ya Audacity ni bure na inatosha.

Kitu wengi wanakiruka ni pembe ya kichwa. Kanda iliyorekodiwa kwenye deki nyingine ikisikika kama imefunikwa blanketi, siyo kwamba imekufa, kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa, izungushe kidogo kidogo huku unasikiliza, utashangaa "s" za mtangazaji zinarudi. Kama hukurekodi na Dolby, ile swichi ya kupunguza kelele za tepu, izime wakati wa kucheza, la sivyo inakula sauti za juu.

Rekodi kwa faili la WAV, lisilobanwa, kwa kiwango cha CD, ni kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo C90 nzima haifiki GB 1. Ukibadilisha kuwa FLAC, aina ya faili lililobanwa, inapungua karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 tengeneza baadaye ya kusikilizia. Weka nakala mbili, sehemu mbili.

Kelele usiziguse kwenye faili la kwanza. Ukitaka kusafisha, safisha nakala. Programu za kuondoa kelele kila mwaka zinakuwa bora, ya baadaye itafanya kazi nzuri kuliko ya leo, lakini itahitaji faili ambalo halijaguswa. Na mtangazaji usimkate hata kidogo. Yeye ndo anataja saa, tarehe, kipindi, wimbo uliokuwa mpya wiki hiyo. Wimbo utaupata kwingine, yeye huwezi.

---

Sindano33

Nyongeza ndogo kwa FundiDeki. Muuliza swali kasema ana mikanda ya VHS pia. Mi ningetanguliza hiyo kabla ya kanda za kaseti, kama kuna uliyorekodi mwenyewe humo. Deki za kaseti mpya bado zinatengenezwa, lakini Funai wa Japani, waliokuwa wa mwisho kutengeneza mashine za VHS, walisimamisha Julai 2016. Zilizopo ndo hizo hizo, na kila mwaka kuna mipira na gia zinazochoka ndani yake. Kama yako bado inavuta vizuri anza nayo wiki hii.