Mliowahi kujitolea au kufanya kazi kwenye kliniki za bure, tupeane uzoefu: nani hasa anazibeba?

Mwana wa Pongwe

Wakuu, salaam kwenu.

Kambi ya matibabu bure ikiisha, picha zinazosambaa kwenye magrupu huwa ni zile zile: mgeni rasmi, bango, daktari na stetoskopu shingoni. Sina neno na daktari. Anaacha Jumamosi yake na anastahili kila shukrani. Ila mimi kazi yangu ni kuwapanga watu kwenye foleni ya kliniki ya bure inayofanyika mtaani kwetu hapa Tanga, na naona jinsi mgonjwa anavyopita mikononi mwa watu wengi kabla hajamfikia daktari, na wengine baada ya kutoka kwake. Hao ndio nataka tuwazungumzie.

Nianze na mmoja. Tuna dada, mwalimu wa chekechea, ambaye kazi yake ni moja tu: kukalisha watu. Mtu katoka Maweni kwa miguu, jua kali, akifika anataka apimwe presha hapo hapo aondoke. Dada anamwelekeza kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, asikunje nne, asiongee, dakika tano. Ndipo anapimwa. Ukimpima bado anahema, mashine inaweza kusoma 160 kwa mtu ambaye akitulia yuko 130 na kitu, na pale penye foleni ndefu mtu wa namna hiyo anaweza kuanzishiwa dawa za kumeza kila siku bila sababu. Wazee wengine wanamkasirikia kweli, wanamwambia anawachelewesha. Anawajibu wote kwa upole ule ule. Kwangu mimi huyo ni mtu wa afya sawasawa na yeyote aliyesomea.

Karibuni. Uliyewahi kujitolea, uliyeajiriwa, uliyetibiwa, tupe yako.

Nesi wa Zamu

Asante mkuu kwa mada hii, umenigusa.

Mimi ni muuguzi wa zahanati, huko Mbeya vijijini. Kambi zikija huwa naombwa kusaidia, na siku zote naomba nipewe daftari. Wenzangu wanakimbilia meza ya vipimo, mimi nataka daftari, kwa sababu kambi inaondoka jioni lakini presha haiondoki. Mtu aliyeonekana na 180 kwa 110 leo, wiki ijayo atakuwa mgonjwa wangu mimi, sio wa hao waliokuja na basi.

Kwa hiyo naandika jina, kijiji, kitongoji, namba ya simu, na kama hana simu naandika jina la balozi wake wa nyumba kumi. Hiyo safu ya balozi niliiongeza mwenyewe kwa peni na rula kwenye fomu waliyokuja nayo. Bila hiyo, mama wa miaka 60 asiye na simu unampata wapi?

Halafu daftari likijaa, anayelifanyia kazi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu ndiye anapiga hodi: mama, ulienda kuchukua dawa? Miaka mingi wengi wao walifanya hivyo bila malipo ya kueleweka, fulana na baiskeli tu, baiskeli yenyewe ikiharibika ni juu yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Naombea ufanikiwe kila siku. Mtu anayetembea mlima na bonde kufuata mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dozi hafai kuishi kwa asante.

Dawa Kwanza

Mimi ni mfamasia, Dar. Kwenye kambi sisi tunakaa mwisho wa foleni, mtu akifika kwetu amechoka, ana njaa, anataka mfuko wake aende. Lakini kazi yetu huanza siku kadhaa kabla.

Dawa za msaada zinakuja kwenye maboksi yaliyochanganyika. Unafungua moja unakuta za kisukari, za mafua, vitamini, na kitu ambacho maandishi yake yote ni ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anaisoma. Hicho hakitoki, hata kiwe kipya namna gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na lebo iwe kwa lugha inayoeleweka na wataalamu wa nchi inayopokea. Sio kila mfadhili analijua hilo. Kuna usiku tumekaa na wanafunzi wa famasi sakafuni, kila mmoja na rundo lake, tunasoma tarehe kwa tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikatika. Hawa vijana wana mitihani, hawalipwi, na bado wanabishana nani abaki.

Kisha bahasha. Kuandika "1x3" ni rahisi, lakini bibi asiyesoma atajuaje? Kuna mwanafunzi mmoja alikaa akachora kwenye kila bahasha: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Chini ya kila picha idadi ya vidonge, duara moja au mawili. Zilikuwa mamia. Nilimwona bibi mmoja akiigeuza ile bahasha, akagusa jua la kwanza akasema "hii baada ya chai", akagusa mwezi akasema "na hii nikilala". Maelezo yangu yote hayakuhitajika tena.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusema hapana. Watu wanakuja wazima kabisa: "Nipe na mimi amoxicillin nikaweke ndani." Ukimnyima anakuona una roho mbaya, si za bure? Nawaeleza kila mara, usugu wa vijidudu, yaani dawa kushindwa kuviua tena, unaanza hivyo hivyo, kwa vidonge vya akiba kwenye kabati. Wengine wananielewa.

Kijiji cha Juu

Naomba nitoe upande wa pili, kwa nia njema.

Kuna kambi ilikuja kwetu, siwataji. Baba alipimwa sukari ikasoma 19. Wakamwambia "mzee, nenda hospitali". Basi. Hakupewa barua, hakuambiwa hospitali gani, wala wa kumuuliza. Alirudi na kikaratasi chenye namba 19 na akakiweka kwenye Biblia. Tulikuja kujua baadaye, wakati kidonda cha mguu kimeshaanza. Sasa hivi anatibiwa, namshukuru Mungu, lakini nikiona bango la "bure" naumia kidogo. Nadhani Nesi wa Zamu ananielewa.

Nesi wa Zamu

Kijiji cha Juu, pole sana kwa mzee, na asante kwa kulisema. Sukari 19 haiachwi iende nyumbani hivyo, hata kama mtu amekula muda huo huo. Kikomo cha mtu aliyekula ni 11.1, hapo ni zaidi ya mara moja na nusu.

Wote mnaosoma hapa: mzazi wako akienda kambi, asinyanyuke mezani bila barua ya rufaa yenye jina la kituo, vipimo alivyopimwa na dawa alizopewa. Ni haki yake. Na waandaaji, kama hamjazungumza na Mganga Mkuu wa Wilaya na kituo cha jirani mkajua rufaa zenu zinapokelewa na nani, bado hamjawa tayari kuja.

Balozi Shy

Hapa Shinyanga niliwahi kuwa balozi wa kutafuta kina mama wenye fistula, naomba niwaeleze kwa sababu wengi hawajui kazi hii ipo.

Uchungu ukikwama siku mbili tatu, kichwa cha mtoto kinabana nyama laini kati ya kibofu na njia ya uzazi, damu haipiti, nyama inakufa, panabaki tundu. Mama anavuja mkojo mchana na usiku. Mara nyingi na mtoto amempoteza. Wanaambiwa wamerogwa, wengine wanaume zao wanawarudisha kwao.

Hospitali ya CCBRT pale Dar wanatibu fistula bila malipo. Lakini bure ya Dar inamsaidia nini mama wa huku asiye na nauli? Waliona hilo, kuanzia 2009 wakawa wanatuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi, balozi anakata tiketi, mama anasafiri, anapokelewa. Akishafika, balozi naye anatumiwa kitu kidogo cha asante.

Mama niliyemkumbuka zaidi alikuwa anaishi kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba ya kaka yake. Alikataa kupanda basi. Alisema abiria watamshusha kwa harufu. Wifi yake ndiye aliyelitatua: alimfungia vitenge kwa tabaka, akachukua nailoni akaitandika kwenye siti, akanunua siti ya pembeni yake akakaa yeye. Wifi huyo hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Mama alirudi mkavu. Sasa anauza dagaa sokoni, anakaa katikati ya wenzake.

Mwanapate

Salaam kutoka Lamu.

Kwetu visiwani na pwani ya huko juu, Kiwayu, Mkokoni mpaka Kiunga, daktari huja na bahari. Safari Doctors, walioanzishwa 2015 na Umra Omar, mwenye asili ya hapa hapa Lamu, huja kwa jahazi na wauguzi na masanduku ya dawa. Mimi nataka kumtaja nahodha na mabaharia wake. Chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Upepo ukigoma, au maji yakipwa mkwame kwenye fungu, vile vibarafu kwenye sanduku havingoji mtu. Anayejua saa ya kupita mkondo, na kusema leo kusi limechafuka hatutoki, huyo ndiye anayelinda chanjo ya mtoto wako. Nawapa heshima zao.

Na kwa Kenya yote, tusiwasahau wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliokabidhiwa vifaa Septemba 2023, mashine ya presha, ya sukari na simu ya kunakili taarifa. Marupurupu yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti, na nyingine huchelewa. Nao wana watoto wa kulisha.

Mkalimani wa Kivu

Bonjour wote. Mimi ni Mkongomani, niko Marekani, najitolea kutafsiri kwenye kliniki ya bure jioni. Madaktari pale wengine ni wastaafu, na wagonjwa wengi ni watu wasio na bima.

Sababu yangu ni moja. Nilikuta mtoto wa kike wa darasa la sita anamtafsiria mama yake habari za damu ya hedhi isiyokoma, mbele ya daktari mwanaume. Mama anaona haya, mtoto anaona haya, nusu ya maneno hayasemwi. Daktari alikuwa anatibu nusu ya ugonjwa. Tangu hapo sikosi zamu. Mtoto sasa anakaa nje na kitabu chake.

Mhasibu Mtulivu

Nimesoma yote. Mimi si mtu wa afya, damu yenyewe siwezi kuiangalia. Naishi Temeke. Naweza kusaidia nini?

Dawa Kwanza

Mkuu, wewe ndiye tunayemtafuta. Dawa zinazoingia na zinazotoka lazima ziandikwe: jina, toleo (batch), tarehe ya kuisha, zimebaki ngapi. Ikitokea toleo fulani limetangazwa kuwa na kasoro, tujue limeenda kwa nani na tumfuate. Sisi wafamasia tunafanya hiyo kazi usiku wa manane tukiwa tumechoka, na makosa hutokea hapo. Nimekutumia ujumbe pembeni. Njoo Ijumaa jioni, siku ya kupanga, sio siku ya kambi, na uje na kompyuta yako ikiwa imechajiwa.

Mwana wa Pongwe

Safi sana. Walio Mwanza, Dodoma na Pemba, bado tunawasubiri. Na kama kuna fundi wa maabara humu, tafadhali andika, meza yenu haijasemewa kabisa.