Quarto haina dadu wala hadithi, raha yake inatoka wapi?

MzeeWaDrafti:
Wakuu, mimi nimekua na drafti, basi. Juzi rafiki kanifundisha Quarto: ubao wa 4 kwa 4, vipande 16, kanuni zimeisha ndani ya dakika mbili. Kila kipande ni kirefu au kifupi, cha duara au cha pembe nne, kina shimo au hakina, rangi yake imekoza au ni hafifu. Ukikamilisha mstari wa vinne vinavyofanana kwa sifa hata moja, umeshinda. Kasheshe ni kwamba kipande unachoweka anakuchagulia mpinzani! Mara ya tatu nilishika kifupi chenye shimo, nikakirudisha, nikashika kingine, nikakirudisha. Kila nilichogusa kilikuwa kisu cha kunichinjia. Nikampa kimoja, akacheka kabla hajakiweka. Kanifunga mara sita na bado nataka tena. Kwa nini?

KeteMbili:
Kwa sababu hakuna wa kumlaumu. Kwenye dadu ungesema bahati mbaya ukalala vizuri tu.
Tafuta YINSH, mchezo wa ubao uliobuniwa na Kris Burm. Mna pete 5 kila mmoja. Ukipanga kete zako tano mstari mmoja, unatoa pete yako moja ubaoni, na wa kwanza kutoa 3 ndiye mshindi. Lakini bila pete huchezi! Yaani kadiri unavyokaribia ushindi ndivyo unavyoishiwa silaha. Nimewahi kuongoza 2–0, nikaanza kumhurumia mwenzangu. Nikafungwa 3–2.

Vigae_Tu:
Nyie mnapenda kuumizana vichwa. Mimi Azul inanitosha, na sioni aibu kusema nusu ya raha yangu ni vile vigae vyenyewe: vizito kiasi, vinateleza vidoleni, vinalia vikigusana. Ila msidhani ni mchezo wa kistaarabu. Ukichagua rangi, unabeba vyote vya rangi hiyo, na visivyopata nafasi vinakukata pointi. Kuna mtu alinibebesha sita, nafasi ninayo ya kimoja. Nilimnunia hadi mwisho wa mchezo.

MzeeWaDrafti:
KeteMbili, hapo kwenye lawama umenipata. Mrejesho: jana nimemfunga! Kanikabidhi mwenyewe kirefu cha duara, kakodolea macho safu za kulia na kushoto, mshazari kausahau. Nilijiapiza sitacheka.
Nilicheka.