Hiki kichaka chenye miiba ni mwaloni kweli?

Mtembezi: Wakuu habari zenu, niko huku Montpellier, Ufaransa, jana nilipanda vilima vya mawe nje ya mji, kwenye vichaka wanavyoviita garrigue, nikakutana na kichaka kinanifika magotini, majani magumu yanang'aa, pembeni miiba mitupu, soksi zangu zimekwisha kabisa. Nikajua ni holly, ule mmea wa miiba wa mapambo ya Krismasi ya Wazungu, kumbe kina vitunda vyenye kikofia kama mwaloni. Sasa mwaloni si ndo ile miti mikubwa ya Ibrahimu kwenye Biblia??

Babu Miti: Ni mwaloni mkuu, Quercus coccifera, wenyeji wanauita chêne kermès. Jani lake ligeuze, likiwa kijani pande zote bila manyoya ndo wenyewe, ukiona manyoya ya kijivu chini basi huo ni ndugu yake mkubwa, chêne vert. Kikofia chake nacho kina vimiba, na tunda linakomaa mwaka wa pili. Alafu umemtaja Ibrahimu, ule mwaloni wa Mamre pale Hebron ni jamii hiyohiyo, ingawa kuna wataalamu wanaoutenga, kule uliachwa ukawa mti.

Mchunga wa zamani: Haujaachwa ukue huo wa Montpellier. Hapo ni mawe ya chokaa udongo kiduchu, kiangazi hakuna mvua, moto ukipita unaunguza juu tu, mizizi inachipua upya na unarudi umesongamana kuliko mwanzo. Krete ndo balaa, mbuzi wanautafuna na miiba yake mpaka unakaa duara kama pouf, kile kigoda laini cha sebuleni.

Mama Vitenge: Mmesahau utajiri wake jamani! Kuna vidudu vinaganda kwenye matawi, jike linavimba kama njegere ndogo, walikuwa wanayabandua na kuyakausha wanapata rangi nyekundu ya nguo za wakubwa. Waarabu wanaviita qirmiz. Karne ya 16 ikaja rangi ya vidudu vya Meksiko, yenye nguvu zaidi, biashara ikadorora.

Mtembezi: Duh asanteni, nimegeuza jani nililorudi nalo, halina manyoya. Je nikibeba mbegu nipande uzio Dodoma?

Babu Miti: Huo umezoea mvua za vuli na baridi, kiangazi kikavu, Dodoma mvua inakuja na joto. Na mbegu huwezi kuingiza nchini kienyeji, utanyang'anywa airport. Panda michongoma mkuu.