Sikio limeziba tangu nitoke baharini, na mwanangu aliyewahi kutoka usaha anataka kujifunza kuogelea

Binti_Kigamboni

Habari za jumapili wapendwa, naombeni msaada nina mambo mawili yote ya masikio. La kwanza ni langu mimi, jana tulienda bichi huku huku kwetu Kigamboni nikaogelea vizuri tu, nimetoka majini sikio la kulia likaziba mpaka sasa hivi, yani nikiongea sauti yangu naisikia humo humo kichwani na mtu akiniita upande huo naona midomo inacheza tu. Haliumi, haliwashi, halitoi kitu. Nimeruka ruka na mguu mmoja kichwa nimeinamisha, hola. Jirani anasema nichokonoe na pini ya nywele, mwingine anasema nimiminie mafuta ya nazi ya moto, na duka la dawa wamenipa matone ya jentamaisini bila hata kuchungulia ndani, sijayaweka bado.

La pili ndo linaninyima usingizi. Mwanangu ana miaka 8, alipokuwa mdogo sikio la kushoto lilimtoa sana usaha, kila akishikwa na mafua linaanza upya. Mwaka huu limekauka. Sasa shuleni wameanza kufundishwa kuogelea kwenye bwawa na analia anataka kwenda na wenzake. Na mimi natamani ajue kuogelea maana sisi tunavuka maji kila siku, lakini naogopa asije akapoteza masikio. Nimruhusu?

Tabibu_Tanga

Pole dada. Hiyo pini achana nayo, na hayo matone usiweke, wala kwa mtoto usiweke. Nitakwambia kwa nini.

Mimi ni tabibu, huku Tanga wagonjwa kama wewe wanakuja sana kipindi cha sikukuu na likizo watu wakishinda majini. Kwa unavyoeleza inaelekea ni nta. Ilikuwemo siku zote, imeacha kaupenyo kadogo sauti inapita kwa hiyo hukujua, sasa maji yameingia nta ikavimba ikafunga kile kaupenyo. Ndo maana haliumi. Hata uruke vipi hakuna maji ya kutoka, kilichoziba sio maji.

Watu tunaiita uchafu na ndo chanzo cha matatizo yote, maana uchafu lazima utolewe. Ile nta ni ulinzi jamani. Ina mafuta yanayozuia ngozi ya ndani isilowane, na ina uchachu kidogo ambao bakteria na fangasi hawaupendi. Na inatoka yenyewe, ngozi ya kwenye njia ya sikio inasogea taratibu kuelekea nje na taya likitafuna linasaidia kuisukuma. Nta inatengenezwa hapo nje nje tu, nikichungulia nikaikuta imeshindiliwa kule ndani karibu na ngoma ya sikio basi mara nyingi kuna mtu amepita na kijiti cha pamba, kifuniko cha peni, njiti ya kibiriti. Njia yenyewe kwa mtu mzima ni kama sentimita 2.5 tu, ngoma haiko mbali na ni nyembamba sana, nimeona zilizotobolewa kwa sababu mtoto alimgonga mama yake kiwiko akiwa anajisafisha.

Sasa fanya hivi. Kama hilo sikio lako halijawahi kutoa usaha wala kutoboka, nunua mafuta ya zeituni au matone ya soda bikaboneti, lala upande, weka matone 2 au 3, tulia hivyo hivyo dakika 5 mpaka 10. Mara 3 kwa siku, siku 3 mpaka 5. Siku za mwanzo linaweza kuziba zaidi kwa sababu nta inalainika, usishtuke. Yasiwe ya moto, mafuta ya moto yanaunguza ngozi na ngoma, tumeshaona. Lisipofunguka nenda kituo cha afya wakaangalie na kuliosha kwa bomba la sindano, na maji yawe vuguvugu sawa na joto la mwili maana yakiwa baridi utapata kizunguzungu cha kutapika hapo hapo kwenye kiti.

Jentamaisini ni antibayotiki, haiyeyushi nta. Na kama ngoma ina tundu inaweza kupita ikaingia sikio la ndani ikaharibu usikivu na ule uwezo wa kusimama bila kuyumba, na uharibifu huo haurudi. Kwa historia ya mwanao hayo matone yatoe kabisa nyumbani.

Kitu kimoja cha haraka: wakichungulia wakakuta hakuna nta na bado husikii, usikubali kuambiwa subiri litafunguka. Sikio kuzima ghafla bila sababu ya kuonekana ni dharura, kuna dawa na inatakiwa ianze ndani ya siku chache za mwanzo.

mzamiaji_nungwi

Tabibu kaeleza vizuri sana. Naongezea upande wetu sisi tunaoshinda baharini, maana ya dada ni kuziba tu lakini kinachotumaliza sisi ni lile linaloanza na kuwasha. Sikio linakaa na unyevu, joto hili la pwani, linawasha, unakuna na ukucha, ngozi inachubuka, kesho ukishika tu sikio kulivuta au ukibonyeza kale kanyama ka mbele unaruka kwa maumivu, kutafuna huwezi. Hiyo ni ngozi ya njia ya sikio imeshambuliwa na bakteria. Na ukiona linawasha tu, limejaa, ndani kuna kitu cheupe au vidoa vyeusi, hiyo mara nyingi fangasi, na ukiendelea kumimina antibayotiki fangasi ndo inapata nafasi.

Mimi nikitoka majini nainamisha kichwa, navuta sikio juu na nyuma maji yatoke, nafuta nje na kitambaa, basi. Wageni huku wanatumia matone ya siki nyeupe na spiriti baada ya kuogelea, ni kweli yanakausha, lakini ni kwa mwenye ngoma nzima na ngozi isiyo na mchubuko, tena ununue yaliyotengenezwa famasi sio kuchanganya jikoni.

Na dada sikio likiwa limeziba hivyo usizamie. Kusawazisha presha ya masikio kunashindikana na unaweza kupasua ngoma.

Mama_wa_Mbagala

Mama mwenzangu nakuelewa mno, wangu alikuwa hivyo hivyo. Kliniki walitufundisha kukausha kwa utambi, unachukua kitambaa safi laini unakisokota kiwe ncha, unaingiza taratibu, ukilowa unatoa unaweka mwingine mpaka utoke mkavu, mara 3 kwa siku, ndo unaweka matone ya siprofloksasini waliyoandika. Usaha ukitoka siku 14 na zaidi wanahesabu ni sugu, sio wa kungojea uishe. Usiweke pamba ikakaa humo, wala maziwa ya mama, wala kitunguu saumu, mimi wifi zangu walishauri vyote na nilikataa vyote.

Baadae tukapewa rufaa Muhimbili kitengo cha masikio, pua na koo, wakamwangalia na kumpima usikivu. Kumbe kukauka sio kupona, tundu linaweza kubaki kavu kabisa na wewe huoni kitu.

Binti_Kigamboni

Shikamoo tabibu, asanteni sana wote, Mungu awabariki. Mafuta ya zeituni nimenunua. Tabibu sasa hapo kwa mtoto, wakikuta tundu ndo basi hataogelea maisha yake yote? Na kuoga je, maana namwagia kichwani kila siku.

Tabibu_Tanga

Marahaba. Kwanza ondoa wazo kwamba maji ya kuoga ndo yalimpa ule usaha. Ugonjwa wake ulikuwa nyuma ya ngoma, na huko wadudu wanapanda kutoka puani kupitia mrija mdogo, ndo maana ulifuatana na mafua. Mafua akipata asipenge kwa nguvu, na moshi wa sigara usiwepo ndani.

Wakichungulia wakakuta ngoma imefunga, mwache aogelee kama wenzake, akitoka akaushe. Wakikuta tundu basi asizamishe kichwa wala asiruke kwenye bwawa mpaka daktari wa masikio aseme, wapo wanaoruhusiwa kwa vizibo vya silikoni vilivyopimwa kwa sikio lake, na wapo wanaozibwa tundu kwa upasuaji wakaogelea vizuri baada ya kupona. Kuoga, paka pamba mafuta ya mgando ziba mlango wa sikio tu, usiisukume ndani, ukimaliza itoe hapo hapo. Hiyo ni ya kuogea, bwawani haitoshi.

Na waombe wampime usikivu hata kama ngoma ni nzima, mtoto aliyetoka usaha miaka mingi anaweza kuwa anasikia nusu darasani na mwalimu anadhani hataki kusoma. Mpeleke wiki hii, shule waambie akae nje ya maji mpaka mrudi na majibu.