Ameunyoosha udi wa ami yangu kwa mausi, halafu akasema "sasa imepona"

Binti_Mvita:
Jamani sijalala. Nimetoka darasani saa kumi na moja jioni, sasa ni saa nane usiku, na damu ingali yachemka. Nimwagieni mafuta kichwani mkaange viazi karai vya Majengo nzima.

Yule bwana. Mwamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kila neno lake huanzia "kule Ulaya". Mwenye darasa la muziki na sauti za filamu na gemu.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kutia muziki na sauti kwenye sehemu moja ya gemu. Dau latoka Mji wa Kale alfajiri, mchezaji ndiye nahodha. Filamu ni rahisi kidogo, wajua mlango utafungwa fremu ya ngapi. Kwenye gemu mtu aweza kusimamisha dau atazame samaki mpaka adhuhuri, na muziki lazima uzunguke bila kumchosha. Nikajenga tabaka nne. Udi peke yake bahari ikiwa shwari, kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, huingia upepo ukishika tanga, ngoma mawimbi yakipanda, zumari mvua ikianza. Sauti ya tanga nimeipata kwa kukung'uta shuka la bibi juu ya paa. Kasia ni mwiko wa ubwabwa ndani ya beseni la kufulia. Wiki tatu nzima nyumbani hakuna aliyefua kwa amani.

Na udi alipiga ami yangu. Ami ameshika udi kabla yule bwana hajazaliwa. Udi hauna vile vyuma vya shingoni kama gitaa, kidole ndicho kinachoamua. Akanipigia Rasti, ile makamu ya Kiarabu, yaani mpangilio wa noti. Ile noti ya tatu ya Rasti mwajua inapokaa, si huku si kule, katikati ya funguo mbili za piano. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Basi. Darasa limejaa, na ami amekuja, nilimwalika mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi, bakora mkononi. Nikabonyeza. Sekunde kumi na moja. SEKUNDE KUMI NA MOJA akasimamisha. "Huyu mpigaji yuko nje ya tyuni." Akafungua ile programu ya kunyoosha sauti. Noti za ami zikatokea kwenye skrini kama maharagwe yaliyoanikwa juu ya mistari, na lile harage la tatu liko kati ya mistari miwili, limetulia pale linapotakiwa. Akalishika kwa mausi. Akalivuta juu. Likanata kwenye mstari. Akaenda la pili, la tatu, yote, moja baada ya jingine, na ami amekaa anamtazama. Halafu akacheza upya, akageuka anatabasamu, akasema:

"Sasa imepona."

Imepona! Kama amemtoa mtu hospitali ya Makadara!

Ami hakusema neno. Alisimama, nikamfuata. Tulipofika kwenye ngazi ndipo akaniuliza, taratibu kabisa: "Kwani ilikuwa yaumwa?"

Sikuwa na jibu. Nimelipa shilingi 45,000 za muhula, na ami yangu ananiuliza vile kwenye ngazi. Sasa imepona. Sasa imepona! Siombi ushauri. Nataka mniambie kwamba yule mtu ana wazimu.

Mpiga_Kanuni:
Ana wazimu. Funguo mbili jirani za piano zimeachana senti 100, si za pesa, ni kipimo cha umbali wa noti. Noti ya tatu, ukihesabu toka ile ya kwanza, ikiwa ndogo ni 300, ikiwa kubwa 400, na ya Rasti hukaa karibu na 350, kila mpigaji na mahali pake. Amemvuta mzee senti hamsini mbele ya watu. Ni kama kumvuta pua.

Nahodha_wa_Likoni:
Nimesoma yote nikitafuta ni nani aliyepigwa. Kumbe ni noti.

Binti_Mvita:
Nahodha, nenda kavushe watu. Pale kwenye ngazi umepasoma au umeparuka?

Nahodha_wa_Likoni:
Nimepasoma dada. Pole kwa mzee. Lakini shuka la bibi na mwiko wa ubwabwa, halafu wasema ni shule?

Mchanga_na_Viatu:
Hapo Nahodha nakukatalia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ina heshima. Inaitwa foli, kwa jina la Jack Foley aliyekuwa akiifanya studio za Universal tangu miaka ya 1920. Mpaka leo kuna watu wazima Hollywood wanaolipwa kutembeza viatu kwenye sinia la mchanga. Theluji ile unayoisikia ikikanyagwa ni wanga wa mahindi unafinywa ndani ya mfuko. Tanga la shuka ni tanga halali.

Kijana_wa_Kisauni:
Mimi nilikaa kwa huyohuyo mwaka juzi. Nilimwambia nataka robo, ile noti ya katikati ya funguo mbili jirani, akasema "MIDI haina noti hiyo", yaani ile lugha ambayo kinanda na kompyuta huzungumzia. MIDI iko tangu 1983, na ndani yake mna gurudumu la kupinda sauti lenye nafasi 16,384. Katikati ni 8,192. Ukiwa umeliweka lipande na kushuka hatua mbili za nusu, basi andika 6,144, umeshuka robo, umefika kwa Rasti. Nilimwonyesha. Akasema nimeharibu kompyuta.

Mama_Mahamri:
Vinanda vya harusini vina vitufe vya robo, wala hamhitaji hesabu zote hizo. Mpigaji wa harusi ya binti yangu alivibonyeza huku anakula.

Binti_Mvita:
HASA! Mpigaji wa harusi anajua na mkono mmoja uko kwenye biriani! Na huyu amesoma Ulaya, anamponya ami!

Sauti_ya_Tudor:
Kinachoniuma mimi ni hiki. Wimbo wa kwanza wa gemu kupata Grammy umeimbwa kwa Kiswahili. "Baba Yetu", ni Sala ya Bwana, ameutunga Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya 2005, tuzo ikaja 2011. Lugha yetu imefika huko. Halafu hapa kwetu, mtaa wa pili kutoka Fort Jesus, udi unaonekana mgonjwa.

Mpiga_Kanuni:
Nami nikiusikia roho hunisisimka. Ila sioni hapo dau letu, wala chakacha, wala zumari. Ni kwaya na okestra. Kazi ya Binti ingekuwa jambo jingine kabisa.

Fundi_Harusi:
Afadhali nyinyi mnabishania noti. Mimi mwalimu huyohuyo alinichanganyia sauti ya filamu yangu fupi. Nilirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, mradi wake ulikuwa 48,000, hakugeuza. Kila kitu kikaenda mbio karibu asilimia tisa na kupanda juu. Nyanya yangu anasimulia jinsi babu alivyozama baharini, anasikika kama panya wa katuni. Ukumbi mzima ukacheka. Nyanya alikuwa mstari wa mbele.

Mchanga_na_Viatu:
Ya Rabi. Huyo nyanya ndiye afunguliwe uzi.

Binti_Mvita:
Pole sana Fundi. Mwaona sasa? Ni yuleyule! Leo amemwambia ami "sasa imepona", kesho

Kijana_wa_Kisauni:
Fundi, kwani ulirekodia wapi? Nyuma ya nyanya nilisikia tuktuk.

Fundi_Harusi:
Chumbani kwangu Bombolulu. Nimebandika trei za mayai ukuta mzima, sijui ilipitaje.

Mpiga_Kanuni:
Ilipita mlangoni, kama mgeni. Trei za mayai hazizuii sauti, kaka. Zapunguza mwangwi wa zile nyembamba za juu kidogo tu. Injini ya tuktuk haijui hata kama trei ziko.

Nahodha_wa_Likoni:
Mwongo. Studio zote nilizoziona Mombasa zina trei.

Mpiga_Kanuni:
Na zote wasikia tuktuk.

Mchanga_na_Viatu:
Weka magodoro na mablanketi mazito, uyaache mbali kidogo na ukuta. Hapo utakuwa umekausha chumba, yaani umepunguza mwangwi. Kuzuia ya nje ni jambo jingine, hapo ni ukuta mzito na mlango usio na mwanya hata wa karatasi. Au urekodi saa tisa usiku.

Fundi_Harusi:
Saa tisa mbwa wa jirani ndiye bosi. Alfajiri adhana, misikiti minne, kila mmoja umemtangulia mwenzake kidogo.

Sauti_ya_Tudor:
Usiikimbie hiyo! Irekodi ukiwa juu ya paa, misikiti minne kwa pamoja, ndiyo alfajiri ya Mombasa. Binti, kwenye dau lako uliitia?

Binti_Mvita:
Niliitia. Kwa mbali, mara moja tu, dau likipita chini ya ngome, kabla kanuni haijaingia. Ni sekunde ya arubaini. Hakufika huko. Alisimamisha sekunde ya kumi na moja.

Mama_Mahamri:
Weka hapa tuisikie, ile ya ami, ambayo haijaguswa.

Binti_Mvita:
Nitaiweka stima ikirudi, mama. Imepotea sasa hivi, naandika kwa simu, chaji asilimia sita.

Nahodha_wa_Likoni:
Huku pia imepotea. Hii ni mara ya tatu wiki hii!

Fundi_Harusi:
Bamburi hakuna tangu jana, jamaa yangu ana mayai mia mbili kwenye mashine ya kuangulia.

Kijana_wa_Kisauni:
Huyo jamaa ana trei?

Fundi_Harusi:
Za plastiki. Hizo hazifai hata kidogo.

Nahodha_wa_Likoni:
Mnaona! Shida ilikuwa plastiki! Trei za karatasi zazuia!

Mpiga_Kanuni:
Nahodha, HAZIZUII.