Tupeane uzoefu: watani wa jadi wa futiboli ya vyuo vya Marekani wanavyogombea wachezaji wapya

Mwanzisha mada, Lexington (Kentucky)

Wadau, nawasalimu. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, zimeweka makazi hapa Lexington na kule Louisville, na watoto wao sasa wamefikia umri wa kucheza futiboli ya Kimarekani katika shule za sekondari. Ningependa wenye watoto, wadogo au wapwa waliopitia usajili wa vyuo watueleze walichokiona, hasa pale vyuo viwili vyenye utani wa jadi vilipomtaka kijana mmoja. Anayezifahamu Simba na Yanga hatapata shida kuelewa joto lililopo kati ya chuo kikuu cha Kentucky, cha hapa Lexington, na kile cha Louisville.

Nianze mimi. Mgeni hudhani kwamba vyuo hivi viwili hushinda vikinyang'anyana vijana wa jimbo hili, lakini Kentucky ni jimbo la mpira wa kikapu, wala halitoi wachezaji wa futiboli wa kutosha kujaza timu mbili kubwa, kwa hiyo mashindano yenyewe hufanyika nje ya mipaka yake. Mark Stoops, aliyeanza kuifundisha Kentucky katika msimu wa 2013, ni mzaliwa wa Youngstown, Ohio, na usajili wa huko aliukabidhi kwa msaidizi wake Vince Marrow, naye mtu wa Youngstown. Ohio State, chuo kikubwa cha jimbo hilo, haina nafasi ya kumchukua kila kijana mzuri wa Ohio, na hao waliobaki ndio waliofuatwa majumbani kwao. Benny Snell wa Westerville, pembeni mwa Columbus, alikuwa mmoja wao: aliiaga Kentucky akiwa ameweka rekodi ya chuo ya yadi za kukimbia na mpira, na mwaka 2018 timu ilishinda mechi 10. Kisha, Juni 2025, Marrow akahamia Louisville. Hapa mjini habari hiyo iliwauma mashabiki kuliko kufungwa, maana aliondoka na mazoea yote aliyoyajenga kwa miaka mingi na makocha wa shule za Ohio.

Mchangiaji, Louisville

Ndugu mwanzisha mada, kwetu somo kubwa ni Lamar Jackson. Alitoka Boynton Beach, Florida, na vyuo kadhaa vilimtaka kwa sababu ya kasi yake, ila vikitaka kumbadilishia nafasi. Mama yake alishikilia kwamba mtoto atacheza kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na Louisville ikakubali. Alianza mwaka 2015, na mwaka 2016 akatwaa tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo nchini kote.

Hata hivyo, haki itendeke kwa watani wetu. Mwaka huohuo wa 2016, wakati hakuna aliyewapa nafasi, Kentucky walikuja hapa wakatufunga 41 kwa 38, na kwotabeki wao, Stephen Johnson, walikuwa wamemchukua kutoka chuo cha miaka miwili huko California. Wale wanaohesabu nyota, yaani alama za ubora wanazopewa wachezaji kwenye tovuti za usajili, wangeitazama upya mechi ile.

Mama wa mchezaji, Ohio

Nawashukuru kwa mada hii. Mwanangu ni mzuiaji wa mstari wa mbele, na alitakiwa na vyuo viwili ambavyo ni watani, sitavitaja. Chuo cha kwanza kilimwandikia tangu akiwa mwaka wa pili wa sekondari, kikatualika kwenye mechi zake, kikamvisha jezi na kumpiga picha, na sisi nyumbani tukahesabu kwamba jambo limekwisha. Chuo cha pili kilichelewa, lakini aliyekuja alikuwa ndiye kocha wa wazuiaji. Alikaa mezani kwetu akamwonyesha mwanangu video za makosa yake mwenyewe, akamweleza ni wachezaji gani wanaomaliza masomo, na akasema wazi kwamba hatacheza mwaka wa kwanza.

Majira ya kiangazi chuo cha kwanza kilipata mzuiaji mwingine mwenye nyota nyingi zaidi. Baada ya hapo simu zilipungua, kisha ikaja moja yenye maneno matamu: ufadhili upo, ila akimaliza sekondari asubiri kwanza nyumbani, ajiunge Januari ya mwaka unaofuata. Wenyeji wanaijua sana desturi hii, nasi hatukuwahi kuisikia. Ndipo nilipotambua kwamba zipo ofa za aina mbili, ile ambayo kijana anaweza kuikubali leo na ikapokelewa, na ile ambayo ni ya kumweka karibu tu wakati chuo kinamsubiri mwingine. Sasa nikizungumza na wazazi wenzangu ninawaambia wamwulize kocha swali hilo moja kwa moja: "Mwanangu akikubali leo, mtampokea?" Jibu likianza kuzunguka, mzazi ameshajibiwa.

Tangu Desemba 2017 vijana wengi husaini mwezi huo badala ya kungoja Februari, na kabla ya sahihi ahadi ya mdomo haimfungi kijana wala chuo. Mwanangu alisaini na chuo cha pili.

Kuhusu nyota, nawaunga mkono wa Louisville. Hapa Ohio State huingia karibu kila mwaka ikiwa na orodha ya wasajiliwa iliyo juu ya ile ya watani wake, Michigan, na bado Michigan iliifunga kuanzia 2021 hadi 2024 mfululizo.

Mchangiaji, Houston (Texas)

Mama, pole na hongera. Mimi naona tunaizunguka fedha. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na baada ya makubaliano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Novemba 2024 Bryce Underwood, kwotabeki wa Belleville, Michigan, aliyekuwa ameshakiahidi chuo cha LSU cha Louisiana, aligeuka akaenda Michigan. Sisemi ukaribu wa nyumbani haukuhesabiwa, lakini fedha ilizungumzwa na kila mtu.

Nakubali kwamba fedha na nyota havitoshi. Texas A&M ilikusanya mwaka 2022 kundi la wasajiliwa lililowekwa namba moja nchini, na Nick Saban, kocha wa Alabama wakati huo, akadai hadharani kwamba wachezaji wale walinunuliwa. Msimu huohuo walishinda mechi tano, wakapoteza saba.

Mchangiaji, Iowa City (Iowa)

Mimi ni Mkongomani, na nitazungumzia kilichomkwamisha mpwa wangu kabla hata utani wa Iowa na Iowa State haujamfikia. Ili kijana acheze na kupewa ufadhili mwaka wa kwanza katika daraja la juu la vyuo, anatakiwa awe na masomo 16 ya msingi ya sekondari, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho, pamoja na wastani wa alama usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Madarasa ya mwanzo ya kujifunzia Kiingereza hayamo katika hesabu hiyo. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi akiwa na miaka 15 anaweza kuwa na mwili na kasi ambayo makocha wote wawili wanaitamani, na bado karatasi zake zikamzuia. Mpwa wangu alipitia kwanza chuo cha miaka miwili, akahama kutoka huko.

Kuhusu fedha aliyoitaja ndugu wa Houston, wenye viza ya mwanafunzi wawe waangalifu, kwa sababu viza hiyo inabana kazi za malipo. Aliyekuja kama mkimbizi na kupata ukaazi wa kudumu hana tatizo hilo.

Na kuhusu watani wetu, Iowa chini ya Kirk Ferentz, aliyeko tangu 1999, imejijengea jina la kuwachukua vijana wa miji midogo na kuwakuza: Tristan Wirfs alitoka Mount Vernon na Cooper DeJean alitoka Odebolt. Iowa State ilimpata Brock Purdy kutoka Arizona, ambaye alikuwa pia na ofa ya Alabama, akachagua mahali ambapo angecheza mapema. Aliteuliwa wa mwisho kabisa katika uteuzi wa 2022 wa NFL, ligi ya kulipwa, na Februari 2024 alikuwa akiiongoza San Francisco katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Iowa City, hilo la masomo 16 naomba ulifafanue zaidi. Je, masomo aliyoyasoma kijana Uganda au Tanzania kabla ya kuja yanakubaliwa, na nani huyatafsiri?

Mchangiaji, Iowa City

Hupelekwa kukaguliwa pamoja na matokeo ya mitihani ya kule, katika lugha ya asili na tafsiri yake iliyothibitishwa. Anzeni kuzitafuta karatasi hizo mtoto akiwa mwaka wa kwanza wa sekondari, kwa sababu shule ya kambini ikishafungwa, kumpata mwenye muhuri wake ni kazi kubwa.