Malengelenge ya mdomoni kwa mtoto wa miaka minne hayaishi kurudi, na nina kichanga ndani

MamaJunior_Njombe

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada, na kama kuna daktari humu asinipite.

Nina mtoto wa kiume, miaka minne na kidogo. Akipata mafua au homa tu, lazima mdomo utoke malengelenge. Sehemu ni ile ile, mdomo wa juu kushoto, pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso. Anaanza kwa kujilambalamba na kuniambia "mama, kuna sisimizi hapa". Nikiangalia sioni kitu. Jioni panakuwa pekundu, asubuhi yake vilengelenge vidogo vimebanana, vina maji. Vinapasuka, vinakauka, linakuja gamba, analibandua (vidole vya huyu mtoto havitulii), damu, tunaanza upya. Wiki na zaidi. Tangu baridi ya Juni ianze huku Njombe ndiyo kabisa, hatupumziki.

Alipokuwa na mwaka na nusu aliumwa homa kali, fizi zikavimba na kutoa damu, vidonda mdomo mzima hadi kwenye ulimi, udenda unatiririka, hali wala hanywi. Duka la dawa wakasema fangasi, nikapewa dawa ya matone. Alikuja kupona baada ya kama wiki mbili. Sijui kama inahusiana.

Nimepaka GV, nimepaka dawa ya meno kwa ushauri wa jirani. Mama mkwe anasema amekojolewa na buibui, basi tukatoa godoro nje na chumba kizima tukapiga dawa. Buibui wameisha, malengelenge yapo. Nikanunua tyubu ya asiklovia, nayo naona kama haifanyi kazi.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba nimejifungua, kichanga ana wiki tatu. Kaka mtu anampenda mdogo wake kupita kiasi, kila saa anataka kumbusu. Na jana sisimizi wameanza tena.

La mwisho, msinicheke. Majirani wanaona mtoto ana vidonda vya mdomo kila mara wanasema akapimwe. Kliniki nikiwa mjamzito nilipima, nilikuwa salama.

ShangaziWaTanga

Pole mwanangu na hongera kwa uzazi. Usihangaike sana, hiyo ni homa inatoka mwilini, na homa ikitokea mdomoni ujue mtoto ameshapona. Wangu wote walitokwa. Mpake mafuta ya nazi, asile ndimu wala pilipili.

Tabibu_Mstaafu

Mama Junior, hongera. Nianze na kichanga, mkubwa anaweza kusubiri.

Kuanzia leo mpaka gamba lidondoke lenyewe na ngozi iwe kavu, Junior hambusu mdogo wake na hamgusi uso wala mikono. Lakini usimfukuze, atanuna na atakuja kumbusu ukiwa jikoni. Mpe miguu. Mvishe kichanga soksi, Junior anawe kwa sabuni, akae chini, ashike miguu ya mdogo wake wewe ukiwepo. Kwa watoto wa umri wake hiyo inatosha kabisa.

Sababu ni hii: malengelenge haya yanaletwa na virusi vya hepesi, na kwa mtoto ambaye hajafikisha wiki sita virusi hivi huenda visiishie kwenye ngozi, vinaweza kufika kwenye ini na ubongo. Si jambo la kila siku, ila likitokea linaua. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na joto au mwili ukiwa wa baridi, akipata degedege, au akitoka lengelenge hata moja, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku usiku. Ukifika mwambie daktari, "kaka yake ana malengelenge ya mdomoni." Usisubiri aulize. Wapo vichanga wanaougua ugonjwa huu bila kutoka lengelenge hata moja, na daktari asipoambiwa anaweza kufikiria mengine yote kwanza. Tiba yake ni dawa ya mshipani, mtoto amelazwa wiki mbili hadi tatu. Hiyo huipati dukani.

Kunyonyesha endelea. Ila ukiona kidonda kwenye titi lenyewe, titi hilo liache mpaka lipone. Na ukitokwa wewe mdomoni, vaa barakoa ukimshika, nawa, na busu lisubiri.

Sasa Junior. Sijamwona, lakini homa kali pamoja na fizi zilizovimba na kutoa damu si tabia ya fangasi. Fangasi wa mdomoni huacha utando mweupe, na mtoto huwa hachemki hivyo. Hiyo ya mwaka na nusu karibu hakika ndiyo siku alipovipata virusi vya hepesi simpleksi aina ya kwanza. Vikishaingia havitoki. Hupanda na mshipa wa fahamu wa uso mpaka kwenye fundo lake karibu na sikio, vinalala huko. Ikija homa, mafua, jua kali, baridi inayopasua midomo, au uchovu tu, vinaamka na kushuka kwa njia ile ile, ndiyo maana vinatokea mahali pale pale. Shangazi yangu wa Tanga, kwa heshima zote, homa haitokei mdomoni. Inaamsha kilichokuwa kimelala. Mafuta yako ya nazi sina ugomvi nayo.

Kuhusu majirani: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wanavyo virusi hivi. Huyo anayekuangalia vibaya kuna uwezekano mkubwa anavyo naye, tena alivipata utotoni kwa busu la shangazi. Lengelenge linalokuja na kupona ndani ya wiki moja au mbili si dalili ya VVU. Kinachotutia shaka sisi ni kidonda kinachopitisha mwezi hakijapona, kinachosambaa, au mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki haupandi. Kumpima hakuna ubaya wowote, ila mpime kwa kutaka wewe.

Tyubu yako haina kosa, ila inakuja imechelewa. Saa yake ni ile ya sisimizi. Hapo hapo unapaka, mara tano kwa siku, siku nne hadi tano. Malengelenge yakishajaa maji umeshapitwa, na hata ukiwahi utapunguza siku moja hivi, si zaidi. Ya kunywa ina nguvu kuliko ya kupaka, ila kipimo chake ni kwa kilo za mtoto, usikadirie kijiko. Kama kwa mwaka yanafika mara sita au zaidi, nenda kwa daktari wa watoto ukamweleze hivyo hivyo ulivyotueleza. Wapo watoto wanaoandikiwa dawa ikae nyumbani, ianze siku ya kwanza ya dalili, na wapo wanaopewa ya kila siku kwa muda.

GV iache, inapaka rangi tu na itaficha wekundu wakati tunataka kuuona. Dawa ya meno inaunguza ngozi. Antibayotiki haigusi virusi. Ila pakigeuka kuwa na magamba ya rangi ya asali yanayotambaa kuelekea puani, hapo bakteria wameingia na antibayotiki ina kazi. Kwa gamba, mafuta ya mgando kidogo mara kwa mara, gamba lililolainika haliwashi na halibanduki na damu. Yatoe kwa kijiti cha pamba, kila mara kijiti kipya. Kidole kikitoka mdomoni kikarudi kwenye kopo, nyumba nzima mnapakana. Maumivu yakizidi mpe parasetamoli. Aspirini si ya mtoto.

Na jicho, hapa naomba usome mara mbili. Huyu anabandua gamba halafu anajisugua macho. Jicho likiwa jekundu upande mmoja, linatoa machozi, anakwepa mwanga, ni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usinunue matone dukani. Mengi yamechanganywa na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, na kwa virusi hivi dawa hiyo inaweza kuharibu kioo cha jicho.

BabaSalma_Mombasa

Pole sana dadangu. Bintiyangu ana miaka sita na mchezo ni huo huo, na mwenye kumpa ni mimi, maana yananitoka tangu utotoni. Kwetu sisi si baridi, ni jua. Akienda kuogelea Jumamosi, Jumatatu mdomo umevimba. Tulipomvisha kofia ya ukingo mpana na kumpaka mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua (ya SPF 30, tulipata famasia kubwa ya mjini), yamepungua sana. Usidhani kwa kuwa Njombe ni baridi jua halichomi. Huko juu milimani linachoma kweli kweli, mtoto hasikii tu.

Kuna jambo tabibu hakulitaja. Bintiyangu ana pumu ya ngozi, viwiko na nyuma ya magoti. Safari moja malengelenge yalitoka mdomoni yakashukia viwikoni, asubuhi mkono mzima vitundu vidogo vya duara kama vimetobolewa kwa msumari, vinauma, na homa juu. Alilazwa. Daktari akasema kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi hilo ni la dharura, si la kupaka mafuta na kusubiri. Kama Junior ana ngozi ya hivyo, lichukulie kwa uzito.

Na kuhusu kichanga, nyanyake Salma alisimama mlangoni siku arobaini zote, hakuna aliyemfikia mtoto usoni. Watu walinuna. Wacha wanune.

Tabibu_Mstaafu

Ahsante Baba Salma, umenikumbusha la muhimu. Na arobaini za wazee zinakaribiana sana na hizo wiki sita nilizosema.

MamaJunior_Njombe

Mungu awabariki. Ngozi yake haina shida hiyo. Tumeanza soksi tangu jana jioni na amekubali, sasa anajiita "daktari wa miguu". Tyubu nimepaka pale pale, leo pana uwekundu tu, sijui kesho. Mama mkwe nimemsomea yote, amesikiliza, akasema basi buibui ndiye aliyeamsha 😂

Maswali mawili. Chekechea nimzuie? Mwalimu jana aliniangalia hivi. Na chakula, akitokwa hataki kabisa kitu cha moto.

Tabibu_Mstaafu

Chekechea aende. Wa kubaki nyumbani ni mwenye homa, au yule wa mara ya kwanza anayetoa udenda ovyo. Mwalimu mwambie awe na kikombe na kijiko chake, na asigawane filimbi na wenzake. Nyumbani vivyo hivyo, na mswaki wake ukae peke yake, taulo lake pia.

Chakula, yupo Njombe halafu unauliza? Parachichi lililopondwa. Uji wa ulezi uliopoa, maziwa mgando. Machungwa na nyanya viache mpaka gamba lidondoke, vinachoma. Akikataa hata maji, hakojoi tangu asubuhi na midomo imekauka, hapo mlete kituo cha afya, usingoje jioni.

Na kesho kutwa niambie kilo zake na lini yalitoka tangu Januari, hata kwa kukisia. Ukienda kwa daktari wa watoto ndivyo vitu viwili atakavyouliza kwanza.